Kilo na Kimo: Mwili wa Mtoto Mdogo Katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Neno ukuaji limebeba mambo mawili, na kuyachanganya kumezaa makosa mengi, vitabuni na katika vyumba vya kupimia watoto pia. La kwanza ni kuongezeka kwa mwili, yaani kile kinachosomwa kwenye mizani na kwenye ubao wa kupimia urefu; la pili ni kukomaa kwake, yaani namna misuli inavyotii, mifupa inavyogeuka kutoka ulaini hadi ugumu, na ubongo unavyofunga njia zake. Ndani ya lile la kwanza mna mgawanyiko mwingine unaosahaulika kwa urahisi zaidi, nao ni ule wa uzito na kimo. Uzito huja na kuondoka: mtoto akiharisha wiki moja hukonda, akipona na kulishwa vizuri hurudi alipokuwa. Kimo hakina safari ya kurudi nyuma, kwa kuwa mfupa ulioongezeka haupungui, lakini miezi ambayo mfupa haukuongezeka nayo ni vigumu sana kuilipa baadaye. Kwa sababu hiyo kilo hueleza hali ya mtoto katika majuma yaliyopita, na kimo hueleza historia yake tangu tumboni.

Sura hii inaitazama tofauti hiyo mahali ambapo kupima ni kazi ya kila siku: Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba nchini Kongo, na hasa eneo la Mutoshi lililo pembezoni mwake. Katika enzi ya Wabelgiji Mutoshi ilijulikana kwa jina la Ruwe, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilitoa dhahabu kabla haijasifika kwa shaba na kobalti.

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na urefu wa karibu sentimita 50 na uzito wa kilo 3 na kitu. Katika mwaka wa kwanza huongeza sentimita zipatazo 25, mwaka wa pili 12, mwaka wa tatu 8 hivi, na baada ya hapo kasi hutulia kwenye sentimita 6 au 7 kwa mwaka hadi karibu na balehe. Uzito wake huongezeka maradufu anapofika miezi mitano au sita, na huwa mara tatu ya ule wa kuzaliwa anapotimiza mwaka. Kichwa, ambacho siku ya kuzaliwa ni robo nzima ya urefu wake, huachwa nyuma na kiwiliwili na miguu, hata kwa mtu mzima kibaki sehemu moja kati ya nane. Utosi, ile sehemu laini ya juu ya kichwa inayodundadunda, hufunga kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, baada ya kuupa ubongo nafasi ya kutanuka, kwa maana hakuna kiungo kinachokua kwa haraka kama ubongo katika miaka miwili ya kwanza. Mwili hukomaa kuanzia juu kwenda chini na kutoka katikati kwenda pembeni: shingo hukaza kabla ya mgongo, mgongo kabla ya miguu, bega kabla ya vidole. Hata hivyo hatua hizi hazina tarehe. Katika watoto wenye afya ambao Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia, kutembea bila kushikwa kulianza popote kati ya miezi 8 na miezi 17, na jirani anayemsimanga mzazi kwa mtoto wa miezi 14 ambaye bado anatambaa hana hoja yoyote ya kitabibu.

Urefu wenyewe hutengenezwa mahali padogo sana. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya miguu na mikono mna tabaka jembamba la gegedu, yaani mfupa mlaini unaofanana na ule wa sikio, ambalo huitwa bamba la ukuaji. Seli za bamba hilo hugawanyika, hupangana katika safu, huvimba, kisha huacha nyuma yao mfupa mgumu, na kila safu inayopangwa humsogeza mtoto juu kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kazi hiyo inahitaji malighafi na amri. Amri hutoka kwenye homoni, na malighafi hutoka kwenye chakula. Pale malighafi inapopungua, au pale mwili unapopigana na homa na kuhara kila baada ya wiki chache, bamba la ukuaji ni miongoni mwa idara za kwanza kupunguziwa matumizi, kwa kuwa mwili huulinda moyo na ubongo kwanza na kuahirisha miguu. Mtoto huyo haonekani mgonjwa. Hucheza, hucheka, mashavu yake yanaweza hata kuwa manene. Ni mfupi tu kuliko umri wake, na mtaa wenye wengi wa namna hiyo huuzoea ufupi huo, ukauona kuwa ndio sura ya mtoto.

Hali hiyo huitwa udumavu, na mpaka wake umewekwa kwa hesabu. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita, yaani Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likichagua wale walionyonya maziwa ya mama na ambao mama zao hawakuvuta sigara. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba mtoto wa Muscat na mtoto wa Accra, wakilishwa na kutunzwa vyema, hukua karibu sawa na mtoto wa Oslo hadi miaka mitano, hivyo dai la kwamba watu fulani ni wafupi kwa asili halina nguvu katika umri huo. Mvulana wa miaka miwili akisimama anatarajiwa kuwa na sentimita 87. Akiwa chini ya 81 huhesabiwa kuwa amedumaa. Kwa msichana kipimo cha kati ni karibu sentimita 86, na mpaka uko kidogo juu ya 79. Kwa mizani hiyo, zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa, na uwiano huo umebakia pale pale kwa zaidi ya miaka kumi ya uchunguzi wa kitaifa.

Upo ulinganisho ambao mwenyeji yeyote wa Kolwezi ataufahamu bila maelezo mengi. Mchimbaji mdogo, ambaye Kifaransa cha huko humwita creuseur, anapofikisha gunia lake kwenye soko la madini la Musompo hapimiwi kilo peke yake. Baada ya mizani, mnunuzi huchukua mashine ndogo ya mkononi ambayo watu wa huko huiita Metorex, akaielekeza kwenye jiwe ili kujua kiasi cha kobalti au shaba kilichomo, na bei hutoka kwenye vipimo vyote viwili. Kilo hamsini za jiwe hafifu si sawa na kilo hamsini za jiwe zito la madini, na mchimbaji atakayekubali kulipwa kwa kilo pekee hajapatikana. Kwa mtoto mambo yalikwenda kinyume. Kadi ya ukuaji iliyoenea Afrika kuanzia miaka ya 1960, ambayo asili yake ni kazi ya daktari Mwingereza David Morley huko Ilesha, Nigeria, ilichora uzito dhidi ya umri. Ilikuwa kadi nzuri, rahisi, ambayo hata mama asiyejua kusoma aliweza kuifuata kwa kidole, nayo iliokoa watoto wengi kwa kuonyesha mapema mstari unaolala. Kasoro yake ni kwamba mtoto mfupi mwenye mwili uliojaa na mtoto mrefu aliyekonda huweza kuangukia nukta ileile, na wawili hao hawana ugonjwa mmoja.

Upendeleo huo wa kilo una mizizi mirefu katika ukanda wa shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kuwachukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, na vifo kambini vilikuwa vingi. Kuanzia mwaka 1928 ilibadili mwelekeo: wafanyakazi wakapewa mikataba ya miaka mitatu, wake zao wakaruhusiwa na hata kuhimizwa kuja, na familia nzima ikawekwa chini ya uangalizi wa kampuni. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa kiongozi wa siasa hiyo ya kijamii, hakuficha kusudi lake. Mtoto wa kambini alikuwa mfanyakazi wa kesho, na kumlea kulikuwa na gharama ndogo kuliko kumtafuta mtu mzima mbali vijijini na kumsafirisha. Basi watoto wakapimwa, wakapewa maziwa na uji mbele ya macho ya msimamizi, mama zao wakatakiwa kuhudhuria vituo, na posho, yaani mgao wa chakula, ikagawiwa kwa kila nyumba kulingana na idadi ya midomo. Vifo vya watoto wachanga vilipungua sana. Msomaji wa leo anaweza kuchukizwa na nia ile na papo hapo akakubali kwamba watoto walikula.

Utaratibu huo ulirithiwa na Gécamines, kampuni ya taifa iliyochukua mali za Union Minière mwaka 1967, na kwa miaka mingi unga, hospitali na shule viliendelea kutoka mkono mmoja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga, jimbo la zamani ambalo Lualaba ilikuwa sehemu yake, alitumia katika jina la kitabu picha ya wana wa shaba walioachwa na baba yao, na picha hiyo inaeleza vizuri kilichofuata. Uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994; mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990; na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mkupuo. Watoto waliozaliwa katika nyumba za kambi baada ya hapo walikuta kuta zilezile bila posho, na baba zao wengi wakashuka kwenye mashimo kwa mikono.

Chakula kilichobaki mezani ni bukari, jina ambalo Wakatanga huupa ugali, mara nyingi wa mahindi ambayo sehemu yake kubwa huvushwa kutoka Zambia, pamoja na sombe, yaani kisamvu, au matembele, au lenga-lenga, ambayo ni mchicha. Hicho si chakula kibaya kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miezi kumi ni tatizo la ujazo na la ubora pia, kwa sababu tumbo lake ni dogo kama ngumi na hujazwa na wanga kabla hajapata anachohitaji. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani, ambazo ni asidi amino, yaani matofali ya protini ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Richard Semba walichapisha vipimo vya damu vya watoto wa vijijini Malawi, nchi nyingine ya ugali wa mahindi, na kuonyesha kwamba wale waliodumaa walikuwa na kiwango cha chini cha asidi amino zote tisa za lazima. Bamba la ukuaji huwa kama fundi anayesubiri tofali: moja likikosekana, haanzi ukuta.

Hapa ndipo Lualaba inapokuwa na kejeli yake ya pekee, ambayo inastahili kuelezwa polepole. Mtoto anayekua anahitaji kobalti, shaba na zinki, na anaishi juu ya baadhi ya hazina kubwa kuliko zote za kobalti na shaba duniani, lakini hazimfai kitu zikiwa katika sura ya vumbi na jiwe. Kobalti humfaa ikiwa ndani ya vitamini B12 tu. Vitamini hiyo, iliyotenganishwa mwaka 1948 na ambayo umbo lake lilifumbuliwa na Mwingereza Dorothy Hodgkin katika miaka ya 1950, ina chembe moja ya kobalti katikati yake kama jiwe la pete, nayo hutengenezwa na bakteria peke yao. Kondoo hula majani yenye kobalti na bakteria wa tumbo lake humfanyia kazi hiyo. Ndiyo maana katika malisho fulani ya Australia yaliyokosa kobalti kondoo walikonda na kufa, hadi wanasayansi wa miaka ya 1930 walipogundua kwamba kiasi kidogo mno cha metali hiyo kinatosha kuwaponya. Mwanadamu hana tumbo la namna hiyo. Mtoto wa Mutoshi anayetambaa kwenye udongo wenye kobalti anaweza kupungukiwa na kobalti ileile damuni mwake katika umbo lenye manufaa, mpaka apewe samaki, yai, maini au maziwa.

Zinki inasimulia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Daktari Ananda Prasad, alipokuwa akifanya kazi Shiraz nchini Iran, alikutana na kijana wa miaka 21 aliyekuwa na mwili wa mtoto wa miaka 10, na mwaka 1961 alichapisha maelezo ya wagonjwa wa aina hiyo, waliokula mkate usiochachushwa na udongo pamoja nao. Utafiti wake uliofuata Misri ulithibitisha kwamba zinki ndiyo iliyokosekana. Nafaka nzima ina zinki, lakini pia ina fitati, kemikali ya asili ya mbegu inayoishika zinki ndani ya utumbo na kutoka nayo. Mahindi yako katika kundi hilo. Kipushi, karibu na Lubumbashi, pana mgodi wa zinki ulioanza tena kuzalisha mwaka 2024, na magari yanayoibeba hupita katika ukanda ambamo watoto hula chakula kinachowanyima zinki. Dawa ya sehemu ya tatizo hili ilikuwa jikoni tangu zamani: kuloweka nafaka, kuiacha ichachuke au kuiotesha hadi iwe kimea huvunja fitati, na unga wa kimea hufanya uji kuwa mwepesi bila kuongezwa maji, hivyo mtoto hupata nguvu nyingi katika vijiko vichache. Dagaa waliokaushwa na kusagwa wazima, pamoja na karanga zinazotiwa kwenye sombe, hukamilisha mengi ya yaliyopungua. Unga mweupe wa dukani, uliokobolewa na kusifiwa kwa weupe wake, umepunguziwa fitati, lakini sehemu kubwa ya zinki imekwenda na pumba.

Vumbi lenyewe ni suala jingine, nalo lisitumiwe kueleza kila kitu. Mtoto mdogo huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake kuliko mtu mzima, pua yake iko karibu na ardhi, na mkono wake huenda mdomoni mara nyingi kwa siku. Risasi ikiingia tumboni mwake hufyonzwa mara nne au tano zaidi ya inavyofyonzwa na mtu mzima. Katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako kobalti iligunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014 na wakazi wakachimba hadi ndani ya vyumba vyao, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha mwaka 2018 vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi kwenye mkojo wa wakazi, zaidi kwa watoto, pamoja na dalili za uharibifu wa DNA. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine, uliofanyika Lubumbashi, ulionyesha kwamba kasoro za maumbile kwa watoto wachanga ziliwapata zaidi wale ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na uchimbaji. Matokeo hayo ni mazito na yanatosha kudai hatua. Lakini hayaelezi kwa nini mtoto wa kijiji cha Kivu, mashariki mwa nchi, kisicho na mgodi naye ni mfupi. Anayeilaumu kobalti peke yake kwa udumavu wa Lualaba anamwondolea lawama yule aliyeshindwa kuleta maji safi, choo na samaki.

Maji na choo vina nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Utumbo wa mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi kila siku huvimba kwa kiasi kidogo cha kudumu, kuta zake hubapa, nao hunyonya chakula kidogo hata mtoto asipoharisha. Katika mitaa iliyoota haraka kuzunguka mashimo, ambako visima na vyoo vimekaribiana, mtoto anaweza kula vizuri na bado asirefuke.

Nyuma ya mtoto yupo mama, na kimo huanza kuandikwa kwake. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 huanza mbio akiwa nyuma, na uzito huo hutegemea chakula cha mama, damu yake, malaria, na muda tangu uzazi uliotangulia. Neno kwashiorkor, ambalo kwa Kiswahili ni unyafuzi, lililetwa katika tiba na daktari Cicely Williams miaka ya 1930 kutoka lugha ya Kiga ya Ghana, na maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto anapokuja mdogo wake. Wanawake wa pwani ile walikuwa wameshaona uhusiano huo kabla ya daktari. Katika Lualaba baadhi ya wajawazito hula pemba, udongo mweupe unaouzwa sokoni, na udongo wa aina hiyo huweza kuwa na risasi, kando ya kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Mradi wa Mutoshi, ulioendeshwa kati ya mwaka 2018 na mwanzo wa 2020 na kampuni za Chemaf na Trafigura, shirika la Pact na ushirika wa wachimbaji, ulizungushia eneo la kuchimbia uzio, ukatumia mashine kuondoa udongo wa juu ili mashimo yasiwe marefu, na ukawazuia watoto na wajawazito mlangoni. Wanawake wengine walipata nafasi ya kufanya kazi wazi, mahali ambapo imani ya zamani husema mwanamke hufukuza madini. Kumzuia mjamzito asivute vumbi na asibebe magunia ni jambo lisilo na ubishi. Hata hivyo mlango huohuo ulimfungia kipato katika miezi ambayo mifupa ya mtoto wake ilikuwa ikijengwa, na mwanamke asiye na mshahara hutafuta kazi nyingine, mara nyingi kuosha mawe mtoni bila uzio wowote, na baada ya kujifungua huendelea nayo mtoto akiwa mgongoni. Zuio lisiloambatana na malipo ya uzazi hulinda eneo la kazi zaidi ya linavyomlinda mama.

Muda wa kurekebisha ni mfupi. Huko Guatemala, kati ya mwaka 1969 na 1977, taasisi ya lishe ya INCAP iligawa katika vijiji viwili uji wenye protini uitwao atole, na katika vingine viwili kinywaji kisicho na protini. Waliokula atole kabla ya miaka mitatu walirefuka zaidi, na walipofuatiliwa wakiwa watu wazima, wanaume miongoni mwao waliolishwa kabla ya miaka miwili walipata ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 46. Waliopewa uji uleule baada ya miaka mitatu hawakuonyesha faida hiyo.

Kifaa kinachohitajika ili kuuona udumavu hakina umeme wala betri. Ni ubao wenye kichwa kisichosogea na kibao cha miguuni kinachoteleza, na huhitaji watu wawili, mmoja akishika kichwa cha mtoto kiguse mbao, mwingine akinyoosha magoti na kusukuma kibao hadi kwenye nyayo, kisha kusoma kwa milimita kabla mtoto hajapiga teke. Utepe wa mzingo wa mkono, ambao chini ya sentimita 11.5 hutangaza hatari ya kifo, hutumiwa kwa sekunde chache na mtu mmoja, na mizani vilevile. Ubao huchukua dakika na uvumilivu, na katika foleni ya akina mama sitini ndio unaoachwa ukutani. Hadi miaka miwili mtoto hupimwa amelala. Kuanzia hapo husimama, na kwa kuwa uti wa mgongo hushindiliwa na uzito wa mwili, kimo chake husomeka pungufu kwa milimita 7 kuliko alipolala asubuhi ileile.